Mstari Uliorukwa katika Shajara Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Parramatta, Sydney)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya tukiwa na uhai na uzima. Nawaona hapa waliotoka Maskati na Dubai, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, London na Toronto. Wamo waliokaa ndani ya ndege zaidi ya saa ishirini ili wale nasi sahani moja ya biriani. Nawashukuru pia akina mama wa kamati ya jiko, ambao usiku wa jana hawakulala. Na kwa kuwa tumekutana juu ya ardhi ya watu wa Dharug, wenyeji wa asili wa sehemu hizi, nawapa heshima yao kama mgeni mwenye adabu anavyompa mwenye nyumba.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya mapenzi na ndoa katika historia ya ukoo. Nadhani mlitaraji mzee awachekeshe kabla ya chakula. Lakini ombi hili lilitoka kwa vijana, na vijana hawakuuliza kwa mzaha. Waliitazama filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Humo wamemwona Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee akamkimbia, na Denge, kijana mpigania uhuru, wakipendana katika Unguja ya miaka ya 1950 ilhali kila upande hauwataki. Binti mmoja aliniuliza, "Babu, na sisi tulikuwa na kisa kama hiki?" Nilimjibu kwamba nitafikiri. Ukweli ni kwamba sikuwa na haja ya kufikiri. Kisa tunacho, na mimi ndiye niliyekificha.

Nitaanza na zama zenyewe, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa mbali nazo. Wazee wetu waliziita zama za siasa. Kati ya mwaka 1957 na 1963 Unguja na Pemba zilipiga kura mara nne, na kila kura iliacha nyumba zimegawanyika zaidi kuliko ilivyozikuta. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikwisha bila mshindi. Uliporudiwa tarehe 1 Juni mwaka huohuo yalizuka machafuko yaliyoua watu 68, wengi wao Waarabu wa mashamba. Mwezi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti vyao vilikuwa 13 kati ya 31. Serikali ikashikwa na Hizbu pamoja na ZPPP, na Waziri Mkuu akawa Mohamed Shamte. Yapo machungu ya nyuma zaidi ambayo kwetu hayakuwa yakitajwa barazani: watumwa na wajukuu wa watumwa, na maskwota waliofukuzwa mashambani kwa sababu ya chama walichokipigia kura. Nayasema haya ili mjue kwamba hasira haikushuka kutoka mbinguni.

Watu walisusiana maduka na mabasi. Walisusiana hata maziko, jambo ambalo Mswahili hakuwa akilifikiria. Wapo wanawake waliopewa talaka kwa sababu ya chama. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa serikali na mfuasi wa Hizbu, na picha ya jogoo ilikuwa mlangoni petu Malindi. Nyumbani humo tuliishi na mdogo wake wa kike, shangazi yangu, aliyekuwa akisomea ualimu.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita na nusu, na kazi yangu ilikuwa kutumwa. Mara nyingi nilitumwa Darajani kwa fundi cherehani. Fundi huyu alikuwa kijana wa Kikwajuni, Ng'ambo, na mwanachama wa Afro-Shirazi asiyeficha. Kwa nini nguo za shangazi zilihitaji kupunguzwa na kuongezwa kila wiki, mimi sikujiuliza. Nilipewa kitambaa kilichokunjwa, nikakipeleka, nikarudi na kingine kilichokunjwa. Fundi alinipa senti kumi nikanunua ubuyu.

Siku ya uhuru, tarehe 10 Disemba 1963, nilivaa shati jipya alilolishona yeye. Wenzake wa chama waliuita uhuru ule uhuru wa Waarabu, na sherehe ile hakuifurahia. Hata hivyo alilishona shati langu kwa uzi maradufu. Alasiri ile shangazi alitia kijikaratasi mfukoni mwangu akaniambia nikimbie. Njiani, kwa utukutu wa kitoto, nilikifungua. Kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na irabu zote zimetiwa, kwa kuwa fundi hakusoma zaidi ya chuo. Nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Nilisimama kwenye kivuli cha ukuta nikalikokota neno kama tulivyofundishwa, silabi baada ya silabi. Lilikuwa neno moja tu: Nimekubali.

Naomba mlishike neno hilo na tarehe hiyo.

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari 1964, yalivamiwa makambi ya polisi ya Ziwani na Mtoni. Asubuhi redioni tulisikia sauti ya John Okello ikitoa amri na vitisho. Sultani Jamshid aliondoka kwa meli yake, akakataliwa kushuka Mombasa, akafika Dar es Salaam na hatimaye Uingereza, ambako alikaa hadi aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Huyo alikuwa na meli. Waliokuwa hawana meli walifunga milango. Ni wangapi waliouawa, hesabu moja inayokubaliwa na wote haijapatikana hadi leo. Wapo wanaosema maelfu machache, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi mara nyingi. Sisi katika hesabu hiyo tuna mtu wetu: mjomba wangu aliyekuwa na duka shamba. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui.

Baba alichukuliwa Jumatatu akapelekwa Raha Leo pamoja na mamia ya wengine. Tukabaki mama, shangazi na mimi. Usiku wa Jumanne mlango uligongwa. Mama alikataa kufungua. Sauti ya nje ikasema, "Bi mkubwa, ni fundi. Nimeleta shati la mtoto."

Hapakuwa na shati lolote. Mama alifungua kwa sababu ya uongo ule mdogo wa kawaida, kwa kuwa siku tatu nzima tulikuwa hatujasikia neno la kawaida. Fundi hakuingia. Alisema, "Hapa leo si pa kulala." Aliwataka wavue mabuibui wajitande kanga. Tukatoka naye kwa uchochoro kuelekea Ng'ambo.

Kupita Darajani ni hatua chache tu. Usiku ule zilikuwa ndefu. Palikuwa na vijana wameziba njia, wana mapanga na tochi. Mmoja alitumulika akauliza, "Hawa nani?"

Fundi alimkamata shangazi mkono akajibu, "Huyu mke wangu. Yule mama mkwe. Huyu mtoto wangu."

Tochi ilikaa usoni mwa shangazi kwa muda mrefu. Kisha yule kijana akasema, "Piteni."

Tulikaa nyumbani kwa mama yake fundi, Kikwajuni, usiku tisa. Ramadhani ilituingilia humo. Bibi yule alikuwa na sufuria moja ya uji, na alitupakulia sisi kabla ya wanawe. Fundi mwenyewe hakulala nyumbani hata usiku mmoja. Alilala kwa jirani, ili kesho asipatikane mtu wa kusema neno juu ya shangazi.

Baada ya wiki tano baba alifunguliwa. Alirudi amekonda, hazungumzi. Aliamua tuhame kwa jahazi kwenda Mombasa. Usiku wa kufunga mizigo nilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbi, na haya niliyasikia kwa masikio yangu.

Shangazi alisema, "Kaka, mimi sendi. Nimeposwa, na nimekubali."

Baba akauliza, "Umekubali kwa mapanga?"

"Kwa hiari yangu. Na kabla ya mapanga."

Baba alikaa kimya, halafu akasema, "Basi huna kaka."

Kwa kuwa walii wake alikataa, aliozeshwa na kadhi. Sisi tulikuwa tumekwishavuka bahari.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni jinsi hadithi inavyobadilika ikiwa safarini. Mama alisimulia Mombasa kwamba fundi alisema "huyu mke wangu" mbele ya mapanga, na hilo lilikuwa kweli. Aliyesikia akasimulia kwamba alimtwaa njiani kwa mapanga. Wa tatu akasema aliporwa. Baba hakumsahihisha hata mmoja. Ilikuwa rahisi kwake kuwa na dada aliyeporwa kuliko kuwa na dada aliyechagua. Aliyeporwa analiliwa, na aliyechagua sharti ajibiwe.

Kisha ukafika mwaka 1970. Mwezi wa Septemba, Unguja, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa utawala, na dunia nzima ikapiga kelele. Ulikuwa udhalimu usio na udhuru, na wazee wetu walikuwa na haki ya kuulaani. Lakini siku ile habari ilipofika, baba alisema mezani, "Na sisi tunaye mmoja." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilijua kwamba si kweli. Nilikuwa nimelisoma lile neno kwa macho yangu. Nikaendelea kula. Leo naona tuliwadhulumu wawili kwa mara moja: shangazi, kwa kumnyima hiari yake, na wale mabinti, kwa kuutumia msiba wao kama pazia la aibu yetu.

Miaka ya 1980 milango ya Unguja ilipolegezwa, nilikwenda kumtazama. Mwaka 1988 nilikuwa mtumishi wa serikali ya Kenya, nina likizo ya wiki tatu, na nyumbani nilisema nakwenda Lamu. Nilimkuta Michenzani, katika yale magorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Alikuwa mwalimu mkuu, mama wa watoto wanne. Fundi alikuwa amekaa dirishani na cherehani yake ileile ya kuzungusha kwa mkono.

Tulipokwisha kunywa chai aliniuliza, "Mwanangu, huko kwenu bado mnasema nililazimishwa?"

Nikajibu, "Hapana, shangazi. Hayo yalikwisha zamani."

Alicheka. "Uongo wako una adabu," alisema. "Umerithi kwa mume wangu."

Kisha fundi alivuta kisanduku cha cherehani, chini ya bobini na sindano, akatoa kijikaratasi kilichogeuka rangi ya chai. Sikuwa na haja ya kukisoma. Shangazi akasema, "Mimi sitaki baba yako anisamehe. Nataka tu iandikwe kwamba nilisema ndiyo. Wewe una kalamu ya serikali. Iandike mahali."

Nikamwahidi.

Mwaka 1994 nilihamia Australia na mke wangu na watoto. Umoja huu ulipoanzishwa nilichaguliwa katibu, na shajara mliyonayo katika vijitabu vyetu vya zamani niliipiga chapa mimi mwenyewe, usiku, nikitoka kazini. Mtaona kwamba babu yetu amewekewa watoto watano. Walikuwa sita. Baba aliniandikia kutoka Mombasa mstari mmoja: "Huyo usimtie." Nilimtii. Baba alifariki mwaka 2001, na utiifu ule ulibaki bila mwenyewe. Fundi akafariki, na mwaka 2009 shangazi naye akafuata. Hata hapo sikuandika.

Mtaniuliza kwa nini. Kazi yangu hapa ilikuwa katika idara moja ya serikali ya jimbo hili la New South Wales, na kwa miaka mingi niliketi nyuma ya dawati ambalo watu walifika kutafuta karatasi zao. Walikuja wenyeji wa asili, watu wazima wenye mvi, wakitafuta jina la mama. Walichukuliwa utotoni na wenye mamlaka, na ripoti ya mwaka 1997 iliyaeleza mateso yao mbele ya taifa. Nilimwona mzee mmoja akiweka kidole juu ya mstari wa daftari, hakukiondoa mpaka tulipofunga ofisi. Tarehe 13 Februari 2008 nilisimama na wenzangu mbele ya televisheni, Waziri Mkuu Kevin Rudd akiwaomba radhi bungeni. Wenzangu walilia, nami nililia. Halafu nikapanda treni, nikarudi nyumbani kwenye kabati lenye shajara yangu yenye watoto watano, na sikuifungua.

Sababu ilikuwa aibu, na jina jingine sina. Kadiri nilivyochelewa, ndivyo kusema kulivyokuwa na bei kubwa zaidi.

Na liko moja tena. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja alinipigia simu. Alisema amekuja Sydney kusoma, na kwamba bibi yake alimwachia jina langu. Aliuliza kama anaweza kuhudhuria mkutano wa ukoo. Nilimwambia kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Mwaka ule zilibaki sahani kumi na nne za biriani. Nakumbuka, kwa kuwa mimi ndiye niliyezigawa.

Nilipolieleza jambo hili kwa kamati mwezi uliopita, mmoja wa wakubwa wetu, ambaye namheshimu, alisema, "Ukimwandika huyo mwanamke na mumewe, utakuwa umeisamehe damu ya mjomba wako bila kutuuliza." Maneno hayo sikuyadharau. Yeye ni binti wa mjomba huyo. Alikuwa na miaka minne, na mpaka leo hajui amsomee babake Yasini wapi. Namjibu mbele yenu kwa unyenyekevu: dada yangu, shajara si mahakama. Haihukumu wala haisamehi. Inasema nani alizaliwa na nani, na nani aliolewa na nani. Kusamehe ni haki yako, na hapana karatasi inayoweza kukutolea. Lakini damu ya mjomba hailipwi kwa kumfuta mwanamke aliyependa, wala uji wa Kikwajuni hauifuti damu ya mjomba. Yote mawili yalitokea katika mwezi mmoja, katika kisiwa kimoja, kwa watu wa nyumba moja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, nina maombi matatu.

La kwanza, shajara isahihishwe. Mtoto wa sita wa babu yetu aandikwe, na mumewe, na watoto wao wanne, na wajukuu wote. Mbele ya ndoa yao pawe na maneno haya: kwa hiari yake.

La pili, mjomba wetu aandikwe ipasavyo. Hadi leo mbele ya jina lake tumeandika "alifariki 1964", kana kwamba alishikwa na homa. Iandikwe kwamba aliuawa, Unguja, Januari 1964, na kwamba kaburi lake halijulikani. Tukiogopa kuliandika hilo, hatuna ujasiri wa kuliandika la kwanza.

La tatu ni langu binafsi. Yule kijana niliyemwambia nafasi zimejaa yupo ukumbini. Ameketi meza ya nyuma, karibu na mlango, kama mtu asiyejua kama ataambiwa akae. Mwanangu, nakuomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa kosa nililifanya kwa jina la watu hawa. Nafasi ilikuwapo. Njoo mbele uketi na wenzako.

Mmeona kwamba muda wote huu sikulitaja jina la shangazi. Sikusahau. Kwa miaka zaidi ya hamsini sikulitaja nilipopaswa, na leo sijioni kuwa wa kwanza anayestahili. Kijana huyu amekuja na kile kijikaratasi cha cherehani, kimetiwa ndani ya kioo. Nimemwomba akilete hapa mezani, alitaje jina la bibi yake kwa sauti, na katibu wetu mpya aliandike palepale, kwa wino.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote tuliowataja na tusiowataja, waliozikwa tunapopajua na tusipopajua.

Wabillahi tawfiq. Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.